Mississippi Masala kwenye deki yangu ya Kirumba

Diski ilifika Kirumba, hapa Mwanza, ndani ya buti la baridi. Mtoto wa kaka yangu anaishi Minnesota, alikuja likizo mwezi wa saba, na begi lake lilikuwa limebanana mpaka zipu inalia, basi akaona pa salama ni ndani ya kiatu. "Shikamoo, Shangazi. Mzigo wako huu, usije ukasema sikuuleta." Boksi halikupasuka hata kona. Bei waliyoandika walioitoa diski ni dola 39.95, yaani laki moja hivi ya kwetu, na kwa hela hiyo mtu mwenye akili zake anamnunulia mtoto godoro. Mimi nimenunua filamu ya mwaka 1991 ambayo nilishawahi kuwa nayo.

Nilikuwa nayo kwenye kanda. Wanaonijua Mwanza wananiita Mama Kanda, kwa sababu kuanzia 1993 mpaka 2006 nilikuwa na duka la kukodisha kanda za video. Shilingi mia tatu kwa usiku mmoja, na ukiirudisha kanda bila kuirudisha mwanzo, unaongeza hamsini. Nakala yangu ya Mississippi Masala niliipata Nairobi. Ilikuwa imerekodiwa juu ya kitu kingine, na filamu ikiisha zinafuata dakika kumi za mpira. Kanda ile ilinigombanisha na wateja wa aina mbili. Wa kwanza ni waliotaka picha la Kihindi: wanaona jina "Masala," wanaona binti wa Kihindi kwenye boksi, wanachukua, na kesho yake wanarudi wamenuna. Hakuna hata wimbo mmoja wa kukimbizana bustanini. Wa pili ni waliomtaka Denzel Washington. "Mama Kanda, steringi gani huyu anasafisha mazulia? Hapigi mtu hata kofi!" Hapo hata Lufufu, yule aliyekuwa akitafsiri picha za kigeni kwa Kiswahili, asingeweza kuwaokoa.

Jina la aliyeitengeneza sikulijua. Sisi tulijua steringi na adui, dairekta alikuwa maandishi yanayopita wakati watu wanatafuta pa kukaa. Nilikuja kulijua jina la Mira Nair mwaka 2016, alipotoa Queen of Katwe, ile ya Phiona Mutesi, binti wa Katwe pale Kampala anayecheza sataranji, na Lupita Nyong'o akiwa mama yake. Nikaanza kurudi nyuma kuuliza huyu mama ni nani mpaka ajue mahindi yanavyouzwa barabarani. Ndipo nikagundua kwamba nilimkodisha miaka kumi na tatu bila kumtambua.

Kwa hiyo hapa nakagua diski, lakini itabidi nimkague na mwenyewe.

Nianze na kero. Diski za Blu-ray, hizi zenye picha safi kuliko DVD, zimegawiwa dunia kama mashamba ya urithi. Marekani ni eneo A. Sisi Afrika tumewekwa eneo B pamoja na Ulaya. Diski hii ni ya A. Nikaitia kwenye deki, ikazunguka, ikakoroma, kioo kikawa cheusi, halafu yakaja maandishi ya Kiingereza kwamba haichezi huku. Nikampelekea fundi mmoja mjini. Akaniambia niache elfu thelathini na deki yenyewe, nirudi Ijumaa. Nilirudi Ijumaa tatu. Ijumaa ya nne nikakaa palepale kwenye benchi, na mbele ya macho yangu akachukua rimoti, akabonyeza namba kadhaa alizoziandika kwenye karatasi ya sigara, deki ikazima na kuwaka, kazi imekwisha. Dakika mbili. Ukitaka kununua diski hii, angalia kwanza mashine yako inacheza maeneo yote, au utakuwa umenunua sahani ya kuwekea kikombe. Na maandishi ya chini ni ya Kiingereza tu.

Sasa picha yenyewe. Toleo hili lilitoka mwaka 2022, filamu imesafishwa upya kwa ubora wa 4K, na waliosimamia ni Nair mwenyewe na mpiga picha wake, Ed Lachman. Kwenye kanda yangu ya Nairobi, Kampala ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hapa ardhi ni nyekundu jinsi ardhi ya huku kwetu ilivyo nyekundu mvua ikishanyesha, na kijani kile si cha kupaka, ni cha ukanda wa ziwa, kijani kizito cha migomba. Nilisimamisha picha nikasogeza kiti. Tumetenganishwa na maji tu na watu wale, na kwa miaka yote hiyo nilikuwa nawaona kupitia tope.

Kwa asiyeijua: mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Jay, mwanasheria wa Kampala, anafungasha mkewe Kinnu na binti yao mdogo Mina. Rafiki yake wa utotoni, Okelo, ambaye ndiye aliyemtoa mahabusu, anamwambia kwamba sasa Afrika ni ya Waafrika, Waafrika weusi. Hakusema kwa chuki, alikuwa anamsihi aondoke kabla hajauawa. Jay hakumsamehe. Siku ya kuondoka hakutaka hata kumuaga. Miaka kumi na minane baadaye familia iko Greenwood, Mississippi, inaishi kwenye moteli ya ndugu zao Wahindi. Mina amekuwa msichana (Sarita Choudhury, hiyo ndiyo filamu yake ya kwanza), anaigonga gari ya kijana mweusi msafisha mazulia, wanapendana, na pande zote mbili zinawaka moto. Huku Jay anaendelea kuiandikia serikali ya Uganda kuidai nyumba yake.

Wengi husifia mapenzi ya vijana wale. Sawa, ni mazuri, Denzel alikuwa ndiyo kwanza ametoka kupata Oscar na anatabasamu kama mtu anayejua. Mimi dakika ninazorudia ni zile za Kampala mwanzoni, na zile za Kampala mwishoni.

Sababu ni Baba. Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Singer yake ya kukanyaga ilikaa kwenye baraza ya duka la vitambaa la Mhindi mmoja hapa mjini: mteja ananunua kitambaa ndani, anatoka nje, Baba anampima. Miaka kumi na miwili walifanya kazi hivyo, mlango mmoja, mmoja ndani na mmoja nje. Huku kwetu hakuna aliyewapa siku 90, lakini mwaka 1971 serikali ilitaifisha majumba ya kupangisha, na Wahindi wengi wakaanza kufunga mizigo wenyewe. Yule wa Baba akaenda Kanada. Utotoni niliisikia hadithi hiyo vipande vipande, na kila kipande kilikuwa na mwisho wake: mara aliaga, mara hakuaga, mara alimwachia Baba mkasi mkubwa wa kukatia, mara Baba aliununua. Mkasi upo. Mpaka leo ndio tunaofungulia mifuko ya mchele.

Kwa hiyo Jay anapopanda basi bila kumpa Okelo mkono, mimi nakuwa natazama baraza.

Nair ana jicho la watu wa barazani, na si kwa bahati. Alizaliwa mwaka 1957 Rourkela, mji wa kiwanda cha chuma katika jimbo la Odisha, baba yake akiwa mtumishi wa serikali. Alisoma Delhi, akacheza maigizo, akapata nafasi Harvard, na alipoanza kushika kamera hakukimbilia hadithi za kubuni. Alifanya filamu za hali halisi. Moja inamfuata Mhindi muuza magazeti kwenye treni za chini ya ardhi New York, wakati mkewe na mtoto wamebaki India wanasubiri. Nyingine, India Cabaret ya mwaka 1985, inakaa na wanawake wanaocheza uchi kwenye klabu ya Bombay, inawasikiliza wakitaniana na wakihesabu hela. Kisha 1988 ikaja Salaam Bombay!, na shujaa wake ni nani? Mtoto wa kupeleka chai. Watoto wa mtaani wenyewe ndio waliocheza, akawafundisha kwanza kwenye warsha. Ilipata tuzo ya Caméra d'Or, ya filamu ya kwanza bora, kwenye tamasha la filamu la Cannes, ikaingia kwenye kinyang'anyiro cha Oscar, na kutokana nayo ikazaliwa taasisi ya Salaam Baalak inayohudumia watoto wa mtaani India.

Baada ya mafanikio hayo angeweza kuomba chochote. Akaomba filamu ya Mwafrika wa Marekani na Mhindi wa Uganda. Amesimulia mara nyingi jinsi mwenye hela mmoja alivyomuuliza kama hawezi kumpatia mzungu nafasi kubwa humo ndani, naye akamhakikishia kwamba wahudumu wote wa mezani watakuwa wazungu. Mtu huyo alimwonyesha mlango. Hapo ndipo nilipompenda kabisa.

Akaenda Kampala kufanya utafiti mwaka 1989, na aliyemwendea kumuuliza habari za kufukuzwa ni Mahmood Mamdani, msomi ambaye naye alifukuzwa 1972, akaandika kitabu juu ya mkasa huo, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuanzia 1973 mpaka 1979. Utafiti ukawa ndoa. Mtoto wao, Zohran, akazaliwa Kampala mwaka 1991, mwaka uleule wa filamu. Ndiyo, ni huyohuyo aliyechaguliwa kuwa meya wa New York Novemba 2025. Mpwa wangu wa Minnesota anadhani anaijua familia ile kwa sababu ya siasa. Nikamwambia mimi nilimkodisha mama yake kwa mia tatu.

Kwenye diski kuna nyongeza. Nair anazungumza juu ya filamu yote tangu mwanzo hadi mwisho, unaweza kuwasha sauti yake ukazima ya waigizaji. Kuna mazungumzo ya Sarita Choudhury na mhakiki Devika Girish, nayo ni matamu, wanawake wawili wanaongea kama wako saluni. Kuna mahojiano na mwandishi wa hadithi, Sooni Taraporevala, ambaye ndiye aliyeandika na Salaam Bombay!, na Lachman, na msanifu wa mandhari Mitch Epstein. Kijitabu kina makala ya Bilal Qureshi na vipande vya shajara ya Nair ya siku za kazi. Mama mwenyewe yumo ndani ya filamu pia, mtafuteni: ni mmoja wa wale wambea wa Kihindi wanaomsengenya Mina kwa weusi wake na ufukara wake, kwamba mtu anaweza kuwa mweusi akiwa na hela, au mweupe akiwa hana, lakini si vyote viwili vibaya kwa pamoja. Amejipa maneno machungu kuliko yote. Nilicheka, halafu nikawakumbuka mashangazi zangu wenyewe na hesabu zao za rangi ya mchumba.

Ila hesabuni tena majina niliyoyataja kwenye nyongeza. Wahindi, Wamarekani, Waasia wa Marekani. Wa Uganda yuko wapi? Konga Mbandu, aliyecheza Okelo, ndiye aliyeibeba aibu ya filamu nzima usoni mwake, na diski ya laki moja haimpi hata dakika tano. Hakuna mzee mmoja wa Kampala anayeulizwa: ninyi mliobaki, mlibaki na nini? Katika filamu yenyewe Okelo ana nafasi ndogo. Mwishoni, Jay anarudi Kampala kwa ajili ya kesi ya nyumba, anakwenda kumuulizia, na anaambiwa alikwishakufa siku nyingi. Halafu anakuja yule mtoto mdogo anayemshika Jay uso kwa kiganja, watu wanacheza ngoma, na mkono wa mtoto unatembea shavuni polepole kama unasoma. Ni dakika nzuri mno. Lakini Okelo tunapewa habari yake kwa sentensi moja. Huyu mama ambaye ameisimamisha dunia kumtazama mtoto wa kupeleka chai, kwa nini alimpita Okelo haraka hivyo? Hilo ndilo lalamiko langu la kisanii. La rimoti nimeshalisamehe.

Maana angalia alichokuja kufanya baadaye kwenye Monsoon Wedding, iliyompa Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 2001. Harusi ya matajiri wa Delhi, ndugu wamejaa, kelele, siri. Na pembeni yuko Dubey, mkandarasi wa mahema, domo kaya mwenye simu, anayetafuna maua ya njano ya mapambo akiwa na mawazo. Anampenda Alice, mfanyakazi wa ndani. Kuna wakati Alice yuko peke yake chumbani kwa mabosi, anajaribu vito vya bibi harusi mbele ya kioo, na vijana wa Dubey wanamwona dirishani, wanadhani anaiba. Dubey haoni mwizi, anaona mtu. Unaweza kusahau harusi yenyewe ilikuwa ya nani, lakini Alice kwenye kioo humsahau. Miaka kumi tangu Okelo, na mtu wa mlangoni amepewa hadithi yake kamili.

Kazi zake za televisheni nimeziona chache, nitapita haraka. Hysterical Blindness ya HBO, 2002, akina mama wapweke wa New Jersey, Uma Thurman anakera na kuhuzunisha kwa pamoja. A Suitable Boy aliitengenezea BBC mwaka 2020, sehemu sita. Nzuri kwa macho, ila riwaya ilikotoka ni nene kama tofali na sehemu sita ni ufinyu. Kila mtu anaingia chumbani akiwa tayari anaaga. Mwanamke anayejua kukaa na mtu mmoja mbele ya kioo amepewa watu hamsini awakimbize. Na kuna filamu ambayo hakuitengeneza: walimwita aongoze moja ya zile za Harry Potter, naye alikuwa na filamu nyingine, The Namesake, mkononi. Mwenyewe husimulia kwamba aliyemtoa njia panda ni Zohran, wakati huo kijana wa miaka kama kumi na nne, aliyemwambia Harry Potter inaweza kuongozwa na wengi, hii nyingine ni yeye tu. The Namesake ilitoka 2006.

Kisha kuna shule. Mwaka 2004 alianzisha Maisha Film Lab hapo Kampala, vijana wa Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda wanafundishwa kuandika na kuongoza. Jina Maisha, la Kiswahili, katika mji ambao watu wake wanatutania Kiswahili chetu. Wanaolalamika kwamba wageni wanakuja kuchukua hadithi na kuondoka, mwekeni huyu kando. Yeye hakuondoka.

Mwaka 1979, wakati wa vita vya Kagera, ndege ya Libya ilikuja kumsaidia Amin kuipiga Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala. Hiyo ndiyo kumbukumbu yangu mwenyewe ya Amin, swala. Baba ana nyingine. Ana miaka themanini na minane, haoni vizuri, na nilimkalisha karibu na kioo kabisa, nikawa namtafsiria kidogo kidogo. Ya Mississippi aliyalala. Aliamka Jay alipofika Kampala mara ya pili.

"Huyu anamtafuta nani?"

"Rafiki yake aliyemwacha bila kumuaga, Baba."

Akanyamaza mpaka yule mtoto akaweka kiganja shavuni. Kisha akasema, "Wangu aliniaga. Alirudi akiwa ameshafika stesheni, akaja na mkasi, akasema fundi, huu umekaa kwako zaidi kuliko kwangu." Miaka hamsini na zaidi nimeishi na vipande vya hadithi ya mkasi, na hicho kilikuwa kipya. Sikumuuliza kipi cha kweli.

Kama wewe ni mpenzi wa filamu na una mashine inayokubali, nunua. Kama unataka tu kuijua hadithi, subiri uipate kwa bei rahisi, picha itakuwa mbaya zaidi lakini Okelo atakuwa na dakika zilezile. Mimi diski siikodishi wala siiazimishi, msinitumie watoto. Anayetaka kuiona aje Kirumba Jumapili baada ya ibada ya pili, aje na kiti chake.